Juu ya Kusifu na Kukataza Vitabu

Kabla ya daraja, mtu aliyefika Kigongo akitaka kuvuka Ghuba ya Mwanza kwenda Busisi hakuwa na budi kungoja. Magari yalipanga mstari toka ukingoni kurudi nyuma, wauza ndizi na samaki wa kukaanga wakapita kati yake, na abiria wakashuka kunyosha miguu. Mara nyingi kivuko kilionekana ng'ambo, kidogo kama kiboko majini, na kila mmoja akajua ya kuwa saa nzima itapita, pengine mbili. Katika kungoja huko nilisoma vitabu vingi kuliko nilivyosoma mezani pangu. Wala si mimi peke yangu. Palikuwa na walimu wa Sengerema, makatekista wa Geita, na mapadre warudio Bukoba, na wengi wao walikuwa na kitabu kwapani. Salamu zilipokwisha, swali lililofuata lilikuwa hili: "Mwalimu, wasoma nini siku hizi?"

Tarehe 19 Juni 2025 daraja lilifunguliwa, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na sasa gari huvuka kwa dakika chache. Hapana mwenye akili atakayekililia kivuko. Wagonjwa nao walikuwa wakingoja pale pale pamoja nasi, na mama wenye uchungu wa kuzaa, nao hawakuwa na haja ya vitabu. Lakini mazungumzo yetu yale yamepotewa na mahali. Ndugu mmoja wa siku za mstari ameniletea barua akilalamika: "Zamani uliniambia nisome nini. Siku hizi wanipita juu ya maji wala hunisemeshi." Malalamiko yake ni ya haki. Basi nimeazimu kumjibu katika kurasa hizi, ili na wengine wapate faida: nitavitaja vitabu vitatu nilivyovisoma, au nilivyovirudia, katika mwaka huu uliopita, na kabla ya hapo nitasema neno juu ya jambo lenyewe la kumwambia mwenzio, "Kisome kitabu hiki."

Tulitazame kwanza neno tulitumialo. Twasema kupendekeza. Shina lake ni kupenda. Katika kupenda twapata kupendeka, yaani kuwa katika hali ya kupendwa; na katika kupendeka twapata kupendekeza, yaani kukifanya kitu kipendeke kwa mtu mwingine. Basi lugha yenyewe imekwisha kutupa sharti lake. Hawezi mtu kukifanya kitu kipendeke kwa mwenziwe kabla hajakipenda yeye, na hawezi kukipenda asichokijua. Lakini ni mara ngapi sisi walimu tumesimama mbele ya darasa na kusifu kitabu tulichokisikia tu kwa jina? Na jambo la pili, lililo baya zaidi, ni mara ngapi tumekikataza kitabu kwa sababu ya uvumi, bila kukifungua? Makosa haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Asifuye asichokisoma na akatazaye asichokisoma wote wawili wameyaacha macho yao na kuazima masikio ya watu.

Kuna wanaosema kwamba kusifu vitabu hakuna haja, nao hututolea methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli sokoni, kwa samaki na kwa nguo, kwa sababu mnunuzi aweza kuviona vyote kwa kutupa jicho mara moja. Lakini kitabu kikifungwa hakionekani kilichomo. Kitabu kizuri na kitabu kibaya vyakaa rafuni kimya sawasawa. Kitabu cha kwanza nitakachokitaja ni ushahidi wangu kwamba kitu kizuri chaweza kukaa miaka 35 bila kujiuza.

Kitabu hicho ni cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa kilicho kaskazini yetu nje ya ghuba hii. Jina lake ni *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*. Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akasoma katika seminari ya Rubya upande wa Bukoba, kisha akafanya kazi katika misioni ya Kagunguli kisiwani kwao. Mwaka 1945 aliimaliza hadithi yake, ameiandika kwa Kikerewe, lugha ya mama yake, kusudi watoto wa baadaye wapate kujua jinsi wazee wao walivyoishi na walivyosema. Padre Almas Simard, mmoja wa wale White Fathers, aliupenda mswada huo akautafutia njia ya kuchapwa, lakini alifariki kabla haujachapwa. Lugha ya kisiwa kimoja haikuwapatia wachapaji wanunuzi wa kutosha. Ndipo Kitereza, mwisho wa miaka ya 1960, naye sasa mzee wa miaka zaidi ya 70, akaketi tena akaigeuza kazi yake yote mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikaitoa mwaka 1980, kwa vitabu viwili. Mwandishi alifariki mwaka 1981, vitabu havijamfikia mkononi.

Hadithi yenyewe ni ya zamani, kabla ya wageni wa Ulaya kufika. Myombekere na mkewe Bugonoka wapendana, lakini hawana mtoto. Ndugu za mume wamwonea mwanamke na kumtukana kwa utasa, hata wazazi wake waja kumchukua binti yao. Myombekere hawasikilizi ndugu zake wanaomwambia aoe mwingine. Afunga safari kwenda ukweni, ajishusha, aomba, akubali kutoa malipo ya pombe ya ndizi kama alivyoamriwa na mkwewe, na mwisho amrudisha mkewe nyumbani. Kisha watafuta dawa kwa mganga, na hatimaye wapata mwana, Ntulanalwo, na binti, Bulihwali.

Mtu akisimuliwa hivi atauliza, hadithi fupi kama hii yawezaje kuwa ya vitabu viwili vinene? Jibu ni kwamba Kitereza hapiti penye jambo bila kulieleza. Mgeni akifika mlangoni, twasikia salamu zote, za mwenyeji na za mgeni, mpaka zimekwisha. Pombe ikipikwa, twaona jinsi ndizi zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa, na togwa inavyochachuka. Shamba likilimwa, mvua ikichelewa, samaki wakivuliwa, mtoto akiugua, tupo pale pale tukitazama. Nasema wazi, maana nimeahidi kunena pia upungufu: katika kurasa nyingi hadithi husimama kabisa, na kijana aliyezoea vitabu vya mbio atachoka. Kiswahili chake nacho kina ladha ya Kikerewe, na mtu wa pwani atakuta misemo asiyoizoea. Lakini nilipokisoma mara ya pili niliona ya kuwa polepole ile ndiyo fundisho lenyewe. Katika nchi ile ugomvi wa mume na mke haukuweza kumalizwa kwa neno moja. Ilikuwa lazima watu waende, waketi, waamkiane, wale, wanyamaze, waseme, warudi kwao, na waje tena. Mwandishi angalikata salamu, angalikata na upatanisho.

Na kuna jambo jingine ambalo mkatekista atalitambua upesi. Kitereza na mkewe walizaa, nao watoto wao wakafariki wangali wachanga. Yeye hakumwacha mkewe, wala hakutafuta mwingine. Hakuandika hayo juu ya nafsi yake, bali aliandika juu ya Myombekere, ambaye hakuwa Mkristo wala hakusikia mahubiri yoyote, na bado akashika njia kwenda kumwomba mkwewe amrudishie mke tasa. Nimesikia mahubiri mengi juu ya ndoa. Sijasikia yaliyo na nguvu kama safari ile ya Myombekere. Mwalimu atakayetaka kuonja kabla ya kula, na aanze na safari hiyo ya ukweni. Asiisome kimya, aisome kwa sauti mbele ya wazee, kisha awaulize yapi yaliyo sawa na desturi za Kisukuma na yapi yasiyo sawa. Atapata maongezi ya jioni saba.

Wajerumani walikisoma kitabu hiki katika lugha yao miaka ya 1990, kwa tafsiri ya Wilhelm Möhlig. Wasomaji wa Kiingereza walikipata mwaka 2002 kwa kazi ya Gabriel Ruhumbika, naye pia mwandishi na mtoto wa Ukerewe. Mimi nilizaliwa mahali ambapo siku ya anga safi twaona visiwa vya ziwa hili, nami nilikuwa mtu mzima mwenye mvi nilipokisoma mara ya kwanza, kwa sababu katika maisha yangu yote ya shule hapakuwa na mtu aliyeniambia, "Kisome." Hicho ndicho kizuri kilichoachwa kijiuze chenyewe.

Cha pili chatoka kisiwa kile kile. Ni *Rosa Mistika* cha Euphrase Kezilahabi. Huyu alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akasoma seminari ya Nyegezi, ambayo kila atokaye mjini Mwanza kuja huku Kigongo hupita karibu nayo. Akawa mwalimu wa chuo kikuu, nyumbani na Botswana, na alifariki Januari 2020. Kitabu kilitoka mwaka 1971, kazi yake ya kwanza ya hadithi. Kilikatazwa mashuleni, na baada ya miaka kikaja kuruhusiwa na kusomeshwa.

Juu ya kitabu hiki nina deni, nami nitalilipa hapa mbele ya wasomaji. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya wasichana ambayo sitaitaja. Siku moja nilimkuta mwanafunzi amekificha kitabu hicho ndani ya daftari la Hesabu. Nilimnyang'anya. Akasimama, akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, naomba kuuliza. Wewe umekisoma?" Nilimjibu kwamba sina haja ya kuonja sumu ili nijue kuwa ni sumu. Darasa likacheka, nami nikaona nimejibu vema. Nikakitia kitabu kabatini nikafunga kwa ufunguo. Binti yule baba yake alikuwa mtu wa kusifiwa sana kwa ukali. Hata sisi walimu tulimtaja kuwa mfano kwa wazazi wengine. Likizo ilipokwisha binti hakurudi shuleni. Sikumfuata kwao kuuliza sababu.

Ilipita kama miaka miwili. Nikihama, nilikuta kitabu kile kabatini, nikakitia mkobani, na hapo katika mstari wa magari wa Kigongo, kwa kukosa kingine, nikakifungua. Kivuko kilikuja kikaenda, kikaja tena, nami sikuona. Maana baba niliyemkuta humo ndani, Zakaria, ni baba mlevi na mkali, ampigaye mkewe na kumpiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya kijana Charles. Alidhani kwamba kwa fimbo amemlinda mtoto. Rosa apelekwa shule ya mbali bila kufundishwa neno lolote juu ya nafsi yake na juu ya wanaume, ila woga tu. Na woga wa baba usipokuwapo tena, hana kitu kingine cha kumshika. Aanguka, aanguka tena, na mwisho ajiua. Nilikifunga kitabu nikakumbuka swali la yule binti, na kicheko cha darasa.

Sisemi ya kuwa kitabu kingalimwokoa. Kitabu si dawa. Nasema tu kwamba msichana yule alikuwa ameshika mkononi maneno yaliyosema jambo lililokuwa nyumbani kwao, nami nilimnyang'anya nikiwa sijui nilichomnyang'anya. Ningalikisoma, huenda ningalikichukua vivyo hivyo, lakini nisingalimjibu vile, ningalimwambia, "Keti, tuzungumze juu ya Zakaria."

Sasa nikihukumu kama msomaji, si kama mwenye deni, nasema hivi. Waliokiita kitabu cha uasherati hawakufika mwisho wake, kwa kuwa hapana afikaye mwisho akatamani maisha ya Rosa. Lakini wana sehemu ya haki. Mwandishi alikuwa kijana, na ana haraka. Katika nusu ya pili wanaume wafuatana upesi, na msomaji mchanga aweza kuhesabu matukio akasahau chanzo chake. Kwa hiyo sitampa mtoto mdogo kitabu hiki. Nitampa kwanza baba yake. Kisha nitawapa wanafunzi wa sekondari wa madarasa ya juu, mwalimu akisoma pamoja nao, akiwarudisha kila mara kwenye kurasa za mwanzo, kwenye ile fimbo.

Yafaa pia visomwe viwili hivi kwa kufuatana, cha Kitereza na cha Kezilahabi, kama ambavyo mtu hutazama picha mbili za nyumba moja. Katika cha kwanza, mume ambaye ndugu zake wamemwonea mke hukutana na wakwe, na wakwe wamtoza. Mwanamke ana watu nyuma yake. Katika cha pili kisiwa ni kile kile, kuna shule, kuna kanisa, kuna serikali, na bado mbele ya Zakaria hatuoni mkono wenye nguvu ya kumzuia. Wale wanaoeleza desturi za zamani kana kwamba zilikuwa giza tupu, na wale wanaozieleza kana kwamba zilikuwa peponi, wote watapata la kujiuliza wakivisoma vitabu hivi bega kwa bega.

Nimetaja peponi, na hilo ndilo jina la kitabu changu cha tatu, ambacho hatuna budi kushuka pwani kukitafuta. *Peponi* ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, aliyekwenda Uingereza angali kijana. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994. Mwaka 2021 mwandishi alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi. Na mwaka 2022 Ida Hadjivayanis akaigeuza kwa Kiswahili, ikachapwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Yaani kitabu juu ya watu wetu kilikaa miaka 28 katika lugha ya watu wengine kabla hakijarudi nyumbani.

Hadithi ni ya Yusuf, mvulana wa miaka kumi na miwili. Tajiri Aziz, ambaye mtoto amezoea kumwita mjomba, amchukua kwa gari la moshi mpaka mjini kwake pwani, na mtoto adhani ni matembezi. Huko Khalil, kijana atumikaye dukani, amfungua macho: yule si mjomba wako, ni bwana wako, baba yako ana deni, na wewe ni rehani. Tangu hapo yampasa kumwita Seyyid. Kisha Yusuf aingia bara na msafara wa biashara, aona njaa, maradhi na vita, avuka ziwa mpaka kwa mtemi Chatu, na arudi pwani akiwa kijana. Wakati huo wote nguvu za Wadachi zakaribia.

Mapadre wataona mara moja kwamba jina la Yusuf halikuchaguliwa bure: yumo kijana aliyeuzwa ugenini, mwenye uzuri wa sura, naye yumo mke wa bwana. Ni kazi njema kwa mwalimu kusoma kisa cha Yusufu katika Mwanzo, na wenzetu Waislamu wakisome katika Kurani, kisha wote tuulizane ni wapi mwandishi amekifuata na ni wapi amekiacha.

Jambo lililonigusa zaidi ni lile neno la kumwita mtu. Kwetu jina la ukoo si salamu tu. Ukimwita mtu mjomba umempa haki juu yako, naye umemfunga kwa wajibu juu yako. Tajiri yule alichukua haki bila kuchukua wajibu. Msomaji wa Kiingereza hufahamu jambo hili kwa akili. Msomaji wa Kiswahili hulisikia mwilini, kwa sababu amewahi kumwamkia mjomba. Kwa ajili hiyo nasema kwamba kazi ya Bibi Hadjivayanis si ya kuongeza lugha moja katika orodha ya tafsiri. Wale watu walikuwa wakinena Kiswahili tangu mwanzo katika kichwa cha mwandishi, na sasa twawasikia kwa sauti yao.

Lakini msomaji wa bara asome akiwa macho. Katika midomo ya wafanyabiashara wa kitabu hiki, watu wa huku ndani ni washenzi, na bara ni nchi ya kutisha. Mwandishi hawasifu kwa usemi huo. Aonyesha jinsi wanavyoona, nao wenyewe wakiwa wauzaji wa watoto wa wadeni wao. Hata hivyo mtoto wa darasani aweza kuyachukua maneno kama yalivyo. Basi mwalimu amwulize: kama Chatu angaliandika kitabu, angaliwaita wale wageni jina gani? Upungufu mwingine niuonao ni kwamba wanawake wamekaa nyuma ya kuta, na sauti zao twazipata kwa uchache. Amina, ambaye maisha yake ni rehani kuliko ya Yusuf, alistahili kurasa zaidi. Na msamiati wa pwani utamsimamisha mtu wa Mwanza mara kwa mara. Huo mimi nauhesabu kuwa faida. Kamusi iwe karibu.

Mtu atauliza, vitabu hivi vitatu vyafungamana kwa nini hata nivitie katika fungu moja? Vyafungamana kwa jambo la lugha. Kitereza aliandika kwa Kikerewe, na uzeeni akajivusha mwenyewe mpaka Kiswahili ili apate kuchapwa. Kezilahabi, mwenye lugha ile ile ya nyumbani, aliandika kwa Kiswahili moja kwa moja. Gurnah, ambaye Kiswahili kilikuwa lugha yake ya utotoni, aliandika kwa Kiingereza, na ilimpasa mwingine kumrudisha. Njia tatu hizi zote zina gharama yake. Ya kwanza ilimgharimu mwandishi miaka yake ya mwisho, na wasomaji wa 1980 walipewa Kiswahili, si yale maneno ya Kikerewe aliyotaka kuyahifadhi. Ya pili ilimpa wasomaji wengi, nao baadhi yao wakamkataza. Ya tatu ilimpa sifa ya dunia kabla ya kusomwa na jirani zake. Wala sijui kama iko njia ya nne isiyo na gharama. Lakini naona ya kwamba katika zote tatu mzigo ulifika kwa sababu palikuwa na mtu katikati: padre aliyehangaika na mswada, mfasiri aliyeketi na kamusi, mwanafunzi aliyempa mwenzake kitabu chini ya dawati. Ndiyo maana nakataa kuiacha kazi hiyo kwa methali ya sokoni.

Basi nimwombe kila mwalimu na kila mtumishi wa misioni ayashike mambo manne. Kwanza, asisifu wala asikataze kitabu ambacho hajakisoma hata ukurasa wa mwisho. Akiulizwa juu ya kitabu asichokijua, na aseme, "Sijakisoma". Maneno hayo hayamshushi mtu cheo. Pili, akisifu, ataje na upungufu, kwa maana sifa isiyo na upungufu hufanana na maneno ya mchuuzi, na msomaji akikutana na ubaya ambao hakuambiwa, hatamwamini tena aliyempa. Tatu, aseme kitabu chamfaa nani. Hakuna kitabu cha watu wote. *Rosa Mistika* ni cha baba kabla ya kuwa cha binti, na Kitereza ni cha jioni ndefu, si cha mtihani. Nne, akiweza, aazime nakala yake mwenyewe. Kumtajia mwalimu wa kijijini jina la kitabu kisichouzwa karibu naye ni kama kumwonyesha mtu chakula kilicho ng'ambo.

Na tukubali ya kuwa kukataza kwaweza kuwa haki. Mlezi ana wajibu wa kusema, "Hiki bado." Lakini neno "bado" humwahidi mtoto siku ya kukisoma, na humdai mlezi sababu ya kumngojesha. Mimi nilimwambia yule binti "hapana," wala sikuwa na sababu ya kumpa zaidi ya ufunguo wa kabati.

Sasa ni zamu yenu, ndugu wasomaji. Yeyote aliyesoma kitabu mwaka huu mpaka mwisho, kiwe cha Kiswahili au cha lugha za kwetu, na atuandikie: jina lake, uzuri wake, ubaya wake, na mtu ambaye chamfaa. Barua fupi zitatosha. Nakala zangu zipo kwa anayezitaka, ila ya Kitereza haijatimia. Kitabu chake cha pili nilikiazima kwa mwalimu mmoja wa upande wa Busisi, wakati wa kivuko, naye kila nilipomwuliza alinijibu kwamba kuvuka ni taabu. Daraja sasa lipo. Namsalimu sana, na namngoja.